Gari la Baba Mkwe Juu ya Barafu

Jumapili, 22 Machi

Leo naanza kuandika. Mtu mkubwa hafi bila kuacha maandishi. Miaka kumi na nne kwenye bunge la jimbo letu la Minnesota, thelathini na tatu ya kuuza magari! Shule niliishia mlangoni. Nilianza kwa kuosha magari ya watu, leo watu haohao wananiita Mheshimiwa Delmar Skogstad. Siku moja haya yatakuwa kitabu. Nitaandika ukweli mtupu, isipokuwa ule wa kuniaibisha.

Gari bado limesimama ziwani. Kila Januari mji wetu huweka gari bovu juu ya barafu, bila injini, limefungwa mnyororo mrefu hadi ufukoni. Watu hununua tiketi na kubashiri siku na saa litakayozama. Faida ni ya zimamoto. Mwaka huu gari nimelitoa mimi. Juu ya paa nikafunga bango: SKOGSTAD, ANASIMAMA IMARA! Miezi miwili na zaidi mji mzima unalikodolea macho jina langu bure, na uchaguzi ni Novemba. Akili ni nywele, wanasema. Basi kipara changu kinawadanganya wengi.

Dosari moja tu. Ardis, mke wangu, hasemi nami. Siku ya nne leo. Alikuwa kwa dada yake tangu Krismasi, dada kavunjika mguu. Akarudi, akapita kando ya ziwa, akaona. Gari ni la marehemu baba yake. Ni ndani ya gari hilo tulipochumbiana. Lakini lilikuwa bandani chini ya turubai! Kwenye yadi yangu ya kuuzia ninayo magari arobaini, ila yale yanauzika.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda kwa Gudrun, mkuu wa zimamoto. Nikamwomba kwa heshima tulivute gari letu, tuweke jingine. Akasema tiketi mia tisa zimeshauzwa, na barafu imegeuka kijivu. Atakayepeleka gari jingine kule, watu watambashiri yeye. Nikamkumbusha nani alimpigania bungeni lile gari jipya la zimamoto. Akajibu kwamba aliyelipigania ni rafiki yangu Verlyn, kwa michango. Mimi nilikuja na mkasi kukata utepe.

Shukrani ya punda!

Njiani kurudi nikapigwa na wazo, nusura niingie mtaroni. Gari likizama, linazama na jina langu. SKOGSTAD, ANASIMAMA IMARA, anakwenda chini, na mpiga picha wa gazeti yuko pale! Bango lazima litoke.

Jumatano, 25 Machi

Mbinu: ngazi ndefu ya aluminiamu. Unailaza juu ya barafu, unajilaza juu yake, unajisukuma kama mamba. Uzito unagawanyika. Hiyo ni sayansi.

Hatua ishirini toka ufukoni, sayansi ikakatika. Nimezama hadi kwapani. Baridi ile! Niliwaona mababu zangu wote wa Norway, wananishangaa.

Aliyenitupia kamba ni Verlyn Haugdahl. Muuza matrekta, rafiki yangu tangu tunatambaa, na ndiye mpinzani wangu wa Novemba. Alikuwa kakaa ufukoni na kahawa yake anatazama tu, mshenzi. Akanivuta, akanivika koti lake, akanimiminia kahawa iliyobaki. Nikamwomba asiende kwa watu wa gazeti. "Wewe mpumbavu," akaniambia, "nikishindana na marehemu nitashindwa. Watu wetu huwapenda sana marehemu." Kamba alikuwa bado kaishikilia kwa mikono miwili, nami niko nchi kavu. Hilo sitaliandika kitabuni, asije akavimba kichwa.

Ijumaa, 27 Machi

Homa. Ardis kaniletea mchuzi wa kuku, kanisugua miguu kwa nguvu za kukamua nguo. Hatimaye kasema. Nanukuu, maana imenichoma: "Delmar, unabisha hodi nyumba elfu nane kuwaomba watu kura zao. Mimi miaka thelathini na nane hujaniomba hata rai. Hata ndani ya lile gari hukuniuliza. Ulinitangazia."

Nikajitetea kwamba tangazo lilikuwa zuri. Akakaza kusugua.

Nimelala macho yako darini. Ni kweli. Nilimwambia Ardis, tunaoana Juni, ukumbi nimeshalipia.

Jumatatu, 6 Aprili

Limezama. Saa nane na dakika ishirini mchana. Kwanza pua, kisha likajiinamia polepole kama mzee anayepiga goti kanisani. Bango likawa la mwisho. Watu mia mbili wakapiga makofi; mpiga picha karibu adondoke majini kwa furaha. Kesho nitakuwa ukurasa wa mbele.

Ajabu, sikuangalia bango. Nilimwangalia Ardis. Hakulia. Alishika tu mkono wa koti langu, kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitambaa dukani na hajaamua kununua.

Jumamosi, 11 Aprili

Verlyn kaleta trekta lake kubwa kuliko yote, kalivuta gari kwa mnyororo hadi mchangani. Maji yalitoka kila tundu. Kakataa malipo. Kasema baba yake Ardis ndiye aliyemfundisha kuendesha, mimi nani nimlipe.

Ardis kafungua mlango, kaketi kiti chake cha zamani, chwaa! Nami kwenye usukani, chwaa! Yeye kafungua kidroo cha dashibodi: samaki mmoja mdogo, hai. Kacheka mpaka akajishika mbavu. Sijausikia mcheko ule tangu msiba wa baba yake. Tukampeleka samaki ziwani ndani ya kofia yangu ya kampeni.

Tukarudi kuketi. Nimehutubia watu elfu tatu bila karatasi, lakini leo nilitamani kuwa nayo. Nikamuuliza: Ardis, unakubali nikuoe? Akatazama mbele, kama kwamba kuna barabara. Akasema atanijibu Novemba, akishawasikiliza wagombea wote.

Lakini mkono wake aliuweka ndani ya wangu. Uliolowa ndani ya uliolowa. Verlyn akajifanya anakagua tairi.

Jumapili, 12 Aprili

Mimi sasa ni mtu mpya! Kuanzia leo, Ardis kwanza, wengine baadaye. Hilo nimeapa.

Kanisani mchungaji katangaza kwamba kinanda cha ukumbi wa chini kimekufa, watoto hawana cha kuimbia. Verlyn kaanza kunyanyuka. Nikamwahi! Nikasimama mbele ya wote, nikatoa kinanda cha mama yake Ardis, kile cha sebuleni. Makofi! Mabibi wawili walifuta machozi. Wanakuja kukibeba kesho asubuhi.

Ardis alikuwa kwenye jiko la kanisa anachemsha kahawa, hakusikia. Nitamwambia jioni. Atafurahi mno.