Meneja wa Mama Jazi

Jumatatu, 3 Juni. Miezi kumi na minne tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma, roho imetulia. Tunakarabati hoteli. Kazi yangu ni kubeba saruji kupitia ukumbi ambamo Mama Jazi hufanya mazoezi. Ameimba jazi miaka ishirini. Sauti tamu ajabu! Lakini jioni akiimba, wasikilizaji sita, wawili wanasinzia. Nimegundua tatizo: nyimbo zake hazimpi mtu nafasi ya kuitikia. Nimegundua na dawa: mimi. Nitakuwa meneja wake. Nimemwandikia mke wangu kwamba mwisho wa mwezi narudi nikiwa mtu mzito, nitie ule mlango wa jikoni. Jiko liko wazi tangu niondoke, mbuzi wanaingia kama wageni waalikwa.

Jumatano, 5 Juni. Nimemwendea na saruji usoni. Nikamweleza aimbe kama sisi tunaponyanyua nguzo: mmoja anatoa, wengine wanapokea. Alicheka mpaka akakaa. Akasema sawa, meneja, atajaribu wimbo mmoja. Mpiga piano wake, mzee wa tai tunayemwita Mwalimu, akaniuliza muziki nimesomea wapi. Nikasema niliishia darasa la tano, na huko muziki hatukufika. Akasema hayo si muziki, ni kupakua lori. Adui nimeshampata. Kila meneja anaye!

Ijumaa, 7 Juni. Onyesho la jioni. Nilipanga wenzangu sita wasimame kando ya piano, waitikie. Nyapara aliwaruhusu kwa kuwa piano ilikuwa ihamishwe baadaye. Hapo ndipo nilipokosea. Mama Jazi akapandisha sauti, akaivuta, akanyamaza avute pumzi. Kwetu, kiongozi akinyamaza, unaitikia "Haya juu!" na kunyanyua. Mikono haiulizi. Wakaitikia. Wakanyanyua! Piano ikapanda, Mwalimu akaifuata kwa vidole, kisha akasimama kabisa. Na hakuacha kupiga. Nikajificha nyuma ya pazia nikijua kazi sina. Halafu nikasikia ukumbi mzima: "Haya juu!" Hata wale wasinziaji. Nyapara hakunifukuza. Angethubutuje, na mwenye hoteli anapiga makofi?

Jumatatu, 24 Juni. Mama Jazi anarekodi wimbo wetu. Si jazi tena, ni muziki wa vijana, ngoma nzito, hata kiti kinataka kucheza. Amewaita wenzangu studio waitikie. Akaniita na mimi. Nikakataa, meneja haitikii. Akasema basi nisaidie kubeba spika. Nikabeba. Mlangoni nikakutana na meneja wake mpya, dada mwenye simu tatu. Akauliza mimi nani. Nikasema mbebaji. Mtu aliyekumbatia spika hawezi kubishana.

Jumapili, 30 Juni. Wimbo uko kila redio. Wenzangu wanakwenda naye ziarani. Alikuja kuniaga, akasema bila mimi angekuwa bado anawabembeleza watu sita walale.

"Twende, kaka," akasema. "Itikia tu, basi."

Nikamwambia nitafikiri. Gari likaondoka nikiwa nafikiri.

Mchana mke wangu akapiga simu. Wimbo wameusikia, watoto wanarukaruka mpaka vyombo vinalia. Akauliza sauti yangu ni ipi. Nikasema mimi ndiye ule ukimya kabla ya "Haya juu". Naye akaniitikia:

"Baba Watoto, mlango nimeshautia mwenyewe. Wewe rudi tu."

Mke wangu huyo! Nimecheka peke yangu kitandani. Ningefunga mzigo leo hii. Ila nilipopita ukumbini nimemkuta Mwalimu amebaki peke yake na wasikilizaji wanne. Nimesimama, nimesikiliza, nimegundua tatizo: anapiga akiwa amekaa. Nimemweleza. Hakunifukuza, amevua tai. Nimempigia tena mke wangu kumwambia: narudi mwisho wa Agosti, nikiwa mtu mzito. Ikichelewa sana, Septemba.