Ombi la Kugombezwa Angalau Mara Moja

Kwako Mkunga Mkuu,
Kliniki ya wajawazito na wazazi wapya wanaosumbuliwa na ulevi,
Mlango wa kijani, mkabala na maabara.

Shikamoo mama.

Naomba nianze kwa kuungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni yule msichana wa kadi namba thelathini na saba, anayekaa mwisho wa benchi kila Alhamisi akiangalia viatu vyake. Sina mimba. Wala sijawahi kuonja pombe.

Mwenye mimba ni dada yangu. Ni msusi, ana miezi saba, na chupa yake ya chai haina chai. Wateja wake walimwambia kwamba kwenu mwanamke anafokewa mbele za watu, kisha mtoto ananyang'anywa. Kwa kuwa nimemaliza shule na sina shughuli, akanituma: "Kanichungulie, mdogo wangu. Wakigomba, mimi siendi. Wasipogomba, tutaona." Nimechungulia kwa wiki tisa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Hamgombi. Siku ya kwanza nesi mwenye miwani ya kamba aliniuliza kama nimekuja mwenyewe au nimemsindikiza mtu. Nikiwa na haya sauti yangu hukwama. Badala ya kunifokea niseme, akaniambia, "Usijali, mama kijacho, utasema ukiwa tayari," akanifungulia faili. Nesi mkali angenigundua siku ileile.

2. Mnapongeza ovyo. Mshauri aliniuliza nakunywa vikombe vingapi kwa siku. Nikataja vya dada: sita. Wiki iliyofuata nikaona aibu, nikasema vitano. Akanishika mkono, akasema hiyo ni kazi kubwa, ila nisiache ghafla peke yangu, maana mwili uliozoea unaweza kuzidiwa. Nipunguze chini ya uangalizi wenu. Kwa kutaka kumfurahisha, sasa nimefika viwili. Benchi zima lilinipigia makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye yeye kweli ameacha na kweli ameteseka, alinikumbatia akasema namtia moyo. Nililia njia nzima.

3. Hamlazimishi mtu. Kila wiki mnaniuliza kama niko tayari kupimwa tumbo. Natikisa kichwa, mnasema hakuna haraka. Mama, haraka ipo. Kwa mujibu wa faili lenu nina miezi saba, na uzito wangu umeongezeka nusu kilo, ambayo ni sweta. Nesi wa mzani ananitazama kwa huruma mpaka natamani nipate kitambi.

4. Mnatunza siri kupita kiasi. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, aliikuta kadi yenu ndani ya mkebe wangu wa hesabu. Akaja kwenu kuuliza. Mkamwambia kwa upole kwamba habari za mtu hazisemwi bila ridhaa yake, mkampa kiti na maji. Mngemwambia, angenigomba yeye, yakaisha. Amerudi nyumbani na ameanza kupanua viuno vya magauni yangu. Amefika gauni la tatu. Jana nilimwona anashona kofia ya mtoto. Ya mtoto wa dada ilishakamilika. Siwezi kumweleza bila kuitaja chupa ya dada, ambayo yeye anaamini ni ya chai.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Kila Alhamisi dada ananiuliza, "Wamegomba?" Nasema bado. Anasema, "Wanakuvuta tu hao. Subiri wiki ijayo." Hawezi kuja kabla hamjagomba, kwa sababu bado anawasubiri mgombe, na mkigomba haji. Wakati huo mikono yake inatetemeka. Jumamosi njia ya nywele ilimpinda kichwani mwa mteja, akajifungia nyuma ya pazia, na mteja akaondoka na nusu ya kichwa. Mtoto amebakiza wiki chache, naye hana mtu wa kumtuma kuchungulia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Alhamisi ijayo unigombe mbele ya benchi zima kwa dakika tano. Nitamwambia dada kwamba ni kweli mnagomba, ni dakika tano tu, nimetoka mzima, na mtoto wangu hakunyang'anywa. Kama hamjazoea, naambatanisha maneno ya mwalimu wetu wa nidhamu: "Unaona sawa?" na "Si naongea na wewe?" Yasemwe polepole.

Nisalimie nesi wa miwani, mshauri, wote wa benchi, na nesi wa mzani, umwambie ni sweta.

Wako mtiifu, asiye na kijacho,
Kadi namba thelathini na saba.

N.B. Nilikwenda kutafuta bahasha nikaiacha barua mezani. Dada ameisoma yote. Kwenye magauni alicheka mpaka akakaa chini. Namba tano aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Wiki tisa, hata mara moja?" Nikasema hata mara moja. Akaniuliza yule mama mwenye mtoto mchanga hukaa upande gani wa benchi, akanituma nimtafutie viatu visivyombana.

Tutakuja wawili Alhamisi. Mwenye mimba ni huyo mrefu. Tafadhali msimgombe, hata akichelewa, hata akija na chupa. Mkimuuliza kama amekuja mwenyewe na sauti ikamkwama, mwandikeni tu.

Na lile la kuomba mgombe, naomba libaki siri yako na yangu. Mama yetu asijue lolote kwanza. Kofia ya pili haijaisha, na dada anasema mtoto mmoja anaweza kuzivaa zote kwa zamu.