Mnazi wa Kilomita Hamsini kwa Saa

Jumatatu, 21 Julai 2025

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo naandika haraka kabla sijabadili mawazo: naogopa kupanda mnazi. Mimi Jafari, mtoto wa mkwezi anayeangua nazi za nusu ya kijiji chetu cha Tingi! Nikifika mita mbili tu, nafumba macho na kuteleza chini.

Ingebaki siri yangu. Lakini Ijumaa Mwalimu Fidelis atachagua mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu wa kwenda kwenye mashindano ya sayansi Lindi. Mada ni nishati mwendo ya vitu vinavyoanguka. Mada yangu! Nimesoma sura yote mara tatu. Ila Martina, anayekaa dawati la mbele, keshapanda mnazi leo hii hii, kadondosha nazi kwenye beseni la mchanga, kapima shimo. Kutoka mita kumi juu. Na sare ya shule mwilini.

Jumanne, 22 Julai

Nimejaribu kudondosha nazi kutoka paa la jiko, nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nazi imegonga ukingo wa beseni na kutua kwenye ungo wa Bibi. Ufuta kila mahali! Bibi, ambaye huniita mume wake, amesema kama nimemchoka nimpe talaka, siyo nimpige nazi.

Shimo: hakuna.

Jumatano, 23 Julai

Nimegundua! Kimo cha nini? Kinachotakiwa ni kasi. Nimepiga hesabu mara mbili: kitu kinachokwenda kilomita hamsini kwa saa kina nishati sawa na kilichoanguka karibu mita kumi. Mnazi mzima, umelazwa chini! Na kaka yangu Bashiru ana bodaboda. Amekubali, mradi nimfulie nguo wiki nzima.

Kwenye lundo la Baba nimechagua nazi nzito kuliko zote. Jioni tumefanya mazoezi. Ajabu: kwa mwendo wote ule, nazi imetulia mapajani mwangu kama paka. Kwangu mimi haina nishati hata chembe. Kwa aliyesimama pembeni, ni mzinga. Inategemea uko wapi! Nimeliandika kwa wino mwekundu.

Alhamisi, 24 Julai

Beseni nililiweka kando ya barabara, jirani na kwa Mwalimu, ili ajionee. Bashiru alikwenda hamsini kamili. Tulipofika usawa wa beseni, nikaiachia nazi.

Kwangu mimi ilidondoka wima, ubavuni pangu. Kwa watu wengine wote wa Tingi iliruka mbele mita sita, ikagonga jiwe, ikakata kona na kupiga meza ya barazani ambapo Mwalimu alikuwa akisahihisha. Ikapasuka. Maji! Yote juu ya ripoti ya Martina.

Nilirudi mbio. Nikasema shikamoo. Mwalimu akaitikia marahaba, miwani ikichuruzika. Nikamweleza kwa adabu kwamba, kwa aliyekuwa kwenye pikipiki, ile nazi haikwenda popote. Akasema yeye hakuwa kwenye pikipiki.

Baba akaitwa. Akaokota kipande, akakigeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilidhani hii ni nazi. Dafu! Ndiyo maana lilikuwa zito. Mtoto wa mkwezi! Aliona haya kuliko mimi.

Ijumaa, 25 Julai

Martina ndiye anayekwenda Lindi. Mimi nimepewa adhabu ya kunakili ripoti yake upya.

Nilidhani atanichukia. Kumbe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanivuta pembeni: we Jafari, kama unaogopa kupanda si ungesema tu? Akapendekeza yeye apande, mimi nipige hesabu, na amwombe Mwalimu twende wawili.

Nilimjibu kwamba siogopi chochote, ila minazi imepitwa na wakati. Akasema haya bwana, akaenda zake.

Nimenakili kurasa zote saba kwa mwandiko mzuri. Baada ya ukurasa wa nne nimeongeza ukurasa wangu, unaosema jaribio la mwisho litafanyika barabarani, mbele ya waamuzi, kwa kilomita themanini kwa saa. Ripoti nimeikabidhi kwa Mwalimu. Kisha nimekwenda kumuuliza Bashiru kama anaijua njia ya Rasbura, kule Lindi kwenye mashindano.