Pikapu za Mzee Nyuzi

Wazo lilimjia Pamba akiwa amelala chali, mdomo wazi, na ganzi imeshageuza nusu ya uso wake kuwa mali ya mtu mwingine. Pamba halikuwa jina la kuzaliwa. Watu walimpa kwa sababu ya mavazi yake ya kupendeza, na kwa sababu maneno yake yalipoingia sikioni hayakukwaruza. Daktari wa meno, mtu mnene mwenye mikono midogo misafi, alikuwa anachimba jino huku simu yake ikiwa mezani na sauti imefunguliwa. Upande wa pili alikuwepo rafiki yake, mwanasheria, na wote wawili walikuwa wanaomboleza.

Hakuna aliyekufa. Walikuwa wanaomboleza sauti ya gitaa. Pamba, ambaye hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, akaelewa kwamba Daktari ana magitaa saba ya umeme na kwamba katika yote saba ameng'oa pikapu zilizokuja nayo. Pikapu, kwa asiyejua, si lile gari la kubebea mbao. Ni kisanduku kidogo kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa: sumaku sita, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Ndicho kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Za kiwandani hutoka kama biskuti. Lakini wako mafundi wadogo, wa chumba kimoja, wanaozungusha waya kwa mkono, na huko ndiko watu wazima wenye kazi zao huenda kupotezea akili.

Daktari alikuwa amesubiri miezi kumi na moja apate pikapu moja ya fundi wa ng'ambo asiyejibu barua. Bei yake ilikuwa sawa na kung'oa meno ya ukoo mzima.

"Akikwambia hana nafasi," alisema Daktari, "hapo ndipo unajua ni fundi."

Pamba nusura alie. Maisha yake yote alikuwa anawabembeleza watu ili wampe vyao, kumbe wako wanaotaka kunyimwa. Alipoambiwa asukutue, alisukutua, akatema, akageuka na kuuliza kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki: "Kwani Daktari hujawahi kumsikia Mzee Nyuzi?"

Daktari hakuwahi. Wala Pamba hakuwahi, maana ndiyo kwanza mzee huyo alikuwa ametimiza sekunde tatu tangu azaliwe. Lakini kufikia wakati wa kulipia jino, Mzee Nyuzi alikuwa na ndevu nyeupe, hasira za karibu, na kawaida ya kutengeneza pikapu kumi na mbili tu kwa mwaka. Jino lenyewe Daktari alilifanya bure.

Sasa, mtu anayeuza vitu vya fundi asiyekuwepo anahitaji walau vitu. Pamba alikuwa na shangazi yake. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa fundi wa kusuka mota: feni, pampu za maji, mashine za kusagia, chochote chenye koili iliyoungua. Karakana yake ilinuka vanishi na shaba ya moto. Pamba alilala humo humo kwa nyuma, kwenye godoro lililobanwa kati ya pampu mbili zilizokufa, na kila asubuhi alipofungua macho aliona, ng'ambo ya barabara, chumba cha ghorofani chenye kibaraza na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Chumba hicho alikitaka kama mgonjwa anavyotaka kupona. Kilikuwa kinapangishwa, na mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima.

Basi akazunguka kwa wauza vyuma chakavu, akakusanya pikapu za kiwandani zilizong'olewa kwenye magitaa mabovu, akamletea Shangazi. Akamwambia ni vipuri vya kengele za milango, azifute tu na kuzifunga utepe mpya, ujira mdogo upo. Shangazi alivuta miwani, akaichungulia moja.

"Nani alizungusha uchafu huu?"

"Ni kiwanda tu, Shangazi."

"Kilikuwa na hasira," alisema Shangazi, akaiweka pembeni. Jumatatu Pamba alizikuta ziko tayari, zinang'aa, zimefungwa utepe mweusi kama watoto waliovalishwa sare. Hakuuliza kitu. Mtu wa mjini huuza, hachunguzi.

Vijisanduku vya mbao alivinunua kwa muuza sabuni. Lebo aliziandika kwa mkono wa kushoto ili zionekane za mzee, na chini ya kila lebo akaongeza: Usinitafute. Kisha akaanza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, yaani kukataa pesa. Daktari alileta bahasha mara ya kwanza, Pamba akarudi na habari kwamba Mzee ameitupa dirishani. Akaleta nene zaidi, Pamba akasema Mzee ameitazama kwa huzuni. Siku aliyoirudisha ile ya pili alitembea mitaa miwili ameshikilia ukuta. Ya tatu Mzee alikubali, tena kwa sharti kwamba Daktari asimshukuru.

Asubuhi ya pili yake Daktari alipiga simu, na alikuwa analia. Alisema sauti ina joto, ina mbao, ina machozi kidogo kwa chini. Pamba, ambaye hakuweza kutofautisha gitaa na bawaba ya mlango, alikubali kwamba machozi ndiyo alama ya Mzee. Alipokata simu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanasheria akataka yake. Wakafuata wengine wa kikundi chao, wanaume wanane waliokutana kila Jumapili kusikiliza noti moja kwa saa mbili na kurudi nyumbani wameridhika. Miezi minne Pamba aliwavisha kilemba cha ukoka, na kadiri Mzee Nyuzi alivyozidi kuwatukana ndivyo walivyozidi kumpenda. Kodi ya chumba ilikuwa imekaribia kutimia. Pamba akaanza hata kuchagua pazia.

Ndipo Daktari akaja na jambo zito. Kikundi chao na wenzao wa miji mingine walitaka pikapu arobaini kwa mpigo, malipo siku hiyo hiyo ya makubaliano. Yalikuwepo masharti mawili tu. Kwanza, Daktari amwone Mzee kwa macho yake akizungusha waya, hata kwa dakika kumi. Pili, akute waya bora na sumaku halisi za pikapu zote arobaini ziko tayari kwenye karakana, maana alishasikia habari za mafundi wadogo wanaochukua agizo kisha wakafa.

Pamba alipiga hesabu harakaharaka. Pesa za agizo zingetosha kodi ya miaka mitatu. Akatoa akiba yake yote, mpaka ile ya pazia, akanunua waya na sumaku, mzigo ukashushwa karakanani na Shangazi akausaini kama alivyosaini mizigo yote. Mpango ulikuwa rahisi: Daktari akishalipa, Pamba angeuza mzigo tena, angehamia ghorofani, na Mzee Nyuzi angefariki ghafla kwa huzuni.

Mzee Nyuzi mwenyewe alipatikana mtaa wa pili. Alikuwa kinyozi mstaafu, ndevu nyeupe, uso wa mtu anayejua siri ya serikali. Pamba alimwelekeza kwamba kazi ni kuzungusha mpini, kuguna, na kukataa chochote atakachoambiwa. Shangazi naye aliombwa avae aproni na awe mama wa kuleta chai. Alikubali bila hata kuuliza kwa nini karakana yake ina mwenyewe mwingine. Jambo hilo lingemshtua mtu mwenye akili iliyotulia, lakini ya Pamba ilikuwa imeshahamia kibarazani.

Jumamosi saa nne asubuhi Daktari aliingia, viatu mkononi kwa heshima. Kinyozi alikuwa amekaa mbele ya mashine ya kusukia. Alisimama, akaguna vizuri kabisa, akavuta kitambaa kilichofunika mashine, akakikung'uta, na kwa mazoea ya miaka arobaini akamfunga nacho Daktari shingoni.

Daktari alikitazama kitambaa, kisha akamtazama Pamba.

"Ni desturi yake," alisema Pamba. "Hataki vumbi la nguo za watu liguse waya."

Daktari aliinamisha kichwa, akabaki na kitambaa chake kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kinyozi akarudi mashineni, akashika waya, akazungusha mpini kwa nguvu zote. Waya ukakatika. Akaunga, akazungusha, ukakatika tena. Mara ya tatu ulikatika kabla hajagusa mpini. Pamba alieleza kwamba waya huu ni mwepesi wa haya mbele ya wageni.

Shangazi aliweka sinia la chai chini. Kuna watu hawawezi kuona mkate ukitupwa, na yeye hakuweza kuona shaba ikipotea bure.

"Mzee wangu, samahani, hebu nipishe hapo," alisema. Akakaa, akaupitisha waya kati ya vidole viwili, akazungusha. Mashine ikaanza kuimba taratibu, na waya ukajilaza safu kwa safu bila kinyongo.

Pamba alikuwa na maelezo matatu tayari, yote mazuri, lakini alipogeuka alimwona Daktari hajashangaa hata kidogo. Daktari alikuwa amejifungua kitambaa na anakikunja. Kisha akatoa mfukoni pikapu iliyofumuliwa.

"Bwana Pamba," aliuliza kwa upole, "wewe huwa unafungua vitu unavyouza?"

Chini ya utepe mweusi palikuwa na kipande cha karatasi, chembamba kama njiti ya kiberiti. Kwa mwandiko mdogo iliandikwa tarehe, idadi ya raundi, namba ya simu, na maneno: Ikisumbua, rudisha kwa fundi. Hivyo ndivyo wafanyavyo wasuka mota. Kila koili wanayoisuka huificha karatasi yake ndani, ili feni ikirudi mwaka ujao inafuka moshi, ijulikane aibu ni ya nani. Pamba alikuwa amelala katikati ya karatasi hizo miaka sita bila kuiona hata moja. Daktari, kama watu wote wa ugonjwa wake, hakuweza kumiliki kitu bila kukifungua. Alifungua pikapu yake wiki ya tatu, akapiga ile namba, na Mzee Nyuzi akapokea na kumuuliza, "Pampu au feni?"

"Sasa zile za kiwandani?" Pamba alimuuliza Shangazi.

"Waya wake niliutupa siku ya kwanza. Ulidhani nitaruhusu uchafu ule utoke mlangoni kwangu? Nilisuka zote upya."

Daktari akathibitisha. Ile ya ng'ambo, ya miezi kumi na moja, alikuwa ameshaing'oa na kumpa mwanasheria. Pikapu za Shangazi zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Hapo ndipo Pamba aliumia kwelikweli. Si kwa ajili ya pesa, hayo maumivu yalikuwa bado njiani. Aliumia kwa sababu alielewa kwamba miezi minne mizima, bila kujua na bila mtu kumlazimisha, alikuwa mfanyabiashara mwaminifu.

Kisha ya pesa yakafika. Tangu simu ile Daktari na Shangazi walikuwa wamemwacha Pamba auze, na masharti yale mawili waliyatunga kwenye benchi la karakana hiyo hiyo, wakinywa chai hiyo hiyo. Agizo la arobaini lilikuwa la Shangazi, na lilishalipwa. Waya na sumaku vilikuwa ndani ya karakana ya Shangazi, kwenye stakabadhi yenye sahihi ya Shangazi. Pamba akajaribu kusema vitu hivyo ni vyake.

"Nimeviona, asante sana," alisema Shangazi. "Nimevipokea kama kodi ya godoro, miaka sita. Na ile habari ya kengele za milango nimekusamehe, kwa sababu wewe ni mtoto wa ndugu yangu."

Aende polisi? Akashtaki nini? Kwamba aliuza vitu feki kwa uaminifu wake wote, vikageuka kuwa halisi nyuma ya mgongo wake? Sheria haijafika huko. Kinyozi alidai ujira wake, akalipwa na Daktari, akamshauri kwamba nywele za kisogoni zinahitaji kupunguzwa, na wawili hao wakatoka pamoja.

Shangazi alimpa Pamba uchaguzi: mlango uko wazi, au akae chini ajifunze kusuka, maana arobaini ni nyingi kwa mikono miwili. Pamba aliutazama mlango. Mfukoni alikuwa na kipimo cha pazia tu. Akakaa.

Mashine ile haikuwa na kihesabio. Raundi elfu saba zilihesabiwa kichwani, moja baada ya nyingine, na aliyepotea alianza upya. Jumatano, Pamba akiwa kwenye elfu sita na mia nne, aliingia mfanyabiashara mgeni, saa ya dhahabu mkononi, macho yakizunguka kwenye vijisanduku vya mbao. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yule mzee huwatupia watu pesa zao dirishani.

Pamba alikaza meno. Elfu sita na mia nne na moja. Na mbili. Lakini mteja mtamu namna ile hakuwahi kumwona tangu azaliwe.

"Karibu ukae," alisema. "Mzee Nyuzi leo kaamka vibaya."

Alimpa kisa cha nusu saa, na kilikuwa kisa. Mgeni alicheka, akafuta machozi, akaagiza sita na kumlipa Shangazi, ambaye alimwandikia stakabadhi na kumsindikiza hadi mlangoni. Kisha Shangazi alirudi, akainama juu ya mashine.

"Ulikuwa umefika ngapi, mwanangu?"

Pamba alifungua mdomo. Alitafuta, akatafuta tena. Shangazi alisubiri kwa uvumilivu mkubwa, kisha akachukua mkasi, akakata waya, akauvuta wote mpaka koili ikabaki tupu, na kumrudishia mpini mkononi.

"Moja," alisema Pamba.