Kivuko cha Makutano Makuu

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Uboreshaji wa Makutano Makuu, ambayo mimi ni katibu wake, inatangaza kwamba kazi imekamilika na kila mtumiaji wa barabara amepewa haki yake. Wenye magari wamepata njia nane. Abiria wa mabasi wamepata kituo cha kisasa juu kabisa ya daraja. Ngazi za kukifikia ziko katika awamu ya pili. Waendesha baiskeli wamepata njia yao ya kijani, safi, inayokwenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya daraja. Wakifika hapo wanapumzika.

Walibaki waenda kwa miguu, watu wagumu kuridhika. Mmoja wao ni dada yangu, fundi cherehani, ambaye nyumba yake iko upande huu na kibanda chake kiko upande ule. Masika yaliyopita gari dogo lilimvunja mguu hapo chini ya daraja, na tangu siku hiyo anavuka njia nane akichechemea, roho mkononi, furushi la sare za shule kichwani. Alikuja ofisini kwetu, akakataa kiti.

"Mdogo wangu, sitaki makubwa," alisema. "Nataka kivuko tu, nivuke nikiwa mzima."

Nilimwelewa, maana ni dada yangu. Lakini katibu haandiki alichoelewa, huandika kilichosemwa. Niliandika: wananchi wanaomba kivuko. Kamati ikapitisha kwa makofi, Idara ya Ununuzi ikashughulikia, na baada ya miezi kadhaa lori refu likatuletea kivuko. Kilikuwa na injini mbili, maboya ya kujiokolea na viti vya abiria hamsini. Bahari iko mbali na sisi, na hata mto hatuna.

Mtu wa kawaida angeona haya. Mwenyekiti wetu alikizunguka, akakigonga ubavuni kwa kidole, akasema, "Waliomba kivuko. Hiki si kivuko?" Hakuna aliyeweza kubisha, kwa sababu kilikuwa kivuko. Kikawekwa bondeni chini ya daraja, juu ya mfereji wa maji ya mvua, ambao ilibidi ufukiwe ili kikae sawa. Tukaajiri nahodha. Mwenyekiti akatunga kanuni kwa mkono wake na kuzibandika mlangoni: chombo hiki ni cha waenda kwa miguu tu, mwenye gari haruhusiwi kupanda.

Tangu hapo hakuna abiria hata mmoja aliyegongwa akiwa ndani ya kivuko, na hayo ni mafanikio makubwa. Kwamba hakisogei ni suala la kiufundi. Dada alikipanda siku moja, akaketi, akasikiliza honi, kisha akashuka upande uleule aliopandia na kuyakabili magari kwa mguu wake mmoja na nusu. Jioni aliniambia sina aibu. Nilimfahamisha kwamba malalamiko hupokelewa Jumanne.

Siku ya uzinduzi magari ya waheshimiwa yaliegeshwa bondeni, penye kivuli. Mvua ilianza katikati ya hotuba ya Mwenyekiti, naye akaisifu kuwa ni baraka. Maji yakautafuta mfereji, yakaukosa, yakabaki na sisi. Punde yalitufika, si shingoni kama wasemavyo watu, bali kwenye maboneti, na waheshimiwa wakakwea juu ya mapaa ya magari yao. Hapo ndipo kivuko kilipotikisika, kikanyanyuka, kikaelea.

Nahodha alipiga honi. Wachuuzi, wanafunzi, na dada yangu na furushi lake wakapanda. Mimi sina gari, kwa hiyo nilipanda kwa mujibu wa kanuni. Mwenyekiti akanyoosha mkono kutoka juu ya paa lake ili avutwe.

"Mheshimiwa, wewe una gari," nahodha alisema kwa adabu.

"Limezama, huoni?"

"Naona. Ila bado umelikalia."

Dada yangu ndiye aliyemalizia, bila kupandisha sauti. "Anayetaka kuwa mwenda kwa miguu, aende kwa miguu."

Mwenyekiti akavua viatu, akashuka, maji yakamfika kiunoni. Alipofika kwenye kisiwa cha katikati ya barabara pumzi zilimwishia, akasimama hapo. Sisi tulikuwa tumeshatua ng'ambo. Dada alishuka mzima, furushi kavu, akaenda zake kushona. Kisha mvua ikakatika, maji yakanywea, na magari yakarudi kwenye njia zote nane kwa mwendo wa siku zote. Mwenyekiti alipunga mkono, akaonyesha kitambulisho, akarudi nyuma kila mara, suti ikizidi kurushiwa matope. Hakuna gari lililosimama.

"Katibu," aliniita kutoka kisiwani, "andika. Nataka kivuko."

"Cha aina gani, Mheshimiwa?"

"Cha rangi," alisema. "Mistari tu, nivuke nikiwa mzima."

Niliandika kama ilivyosemwa. Nikamjulisha kwamba ombi lake litajadiliwa katika kikao kijacho, ambacho kwa kanuni alizotunga mwenyewe hakiwezi kukaa bila yeye, na kwa hiyo kitafanyika mara tu atakapovuka.