Mkwe Kushoto, Mimi Kulia

3 Juni, Jumatano

Binti yangu amepiga simu asubuhi, mimi nimefungua mizani ya duka la nyama kuitengeneza, springi mkononi. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Atajifungua kwa upasuaji, Jumatatu saa tatu asubuhi. Mama yake yuko naye huko wiki ya tatu sasa, lakini ananitaka na mimi. Anasema anaogopa. Akitolewa chumba cha upasuaji anataka anikute mlangoni. Nikamwambia nitakuja hata kwa kutambaa.

Akasema hakuna haja ya kutambaa, mume wake ameshakata tiketi ya ndege. Jumapili.

Ndege! Nikakaa chini. Nina miaka sitini na moja na sijawahi kuiacha ardhi kwa zaidi ya urefu wa ngazi. Na ngazi yenyewe lazima mtu anishikie.

Kibaya zaidi, nasafiri na mkwe mwenzangu, baba yake huyo mume. Dereva mstaafu wa malori. Amepanda ndege mara mbili tu lakini ukimsikiliza utadhani mabawa aliyafunga yeye. Mchana amenipigia kuniuliza kama naogopa. Nikamwambia niogope nini mimi? Akacheka kicheko chake kile cha tumboni. Mtu gani yule!

Jioni nimeulizia basi. Linaondoka Ijumaa, linafika Jumatatu usiku. Mtoto atakuwa ameshazaliwa, ameshaoga na amelala.

4 Juni, Alhamisi

Nimekwenda kwa daktari. Mpango: masikio. Nimesikia wenye masikio mabovu huzuiwa kuruka. Nikipata barua yenye mhuri, nani atasema nimeogopa? Binti ataelewa.

Nikamweleza daktari kwamba sisikii kitu, hasa sikio la kushoto. Akazunguka nyuma yangu, akaninong'oneza kuuliza kama nimekuja na mwavuli. Nikamjibu nimeuacha nyumbani. Lo! Ulimi huu!

Ameandika kwamba nina masikio ya kijana wa miaka ishirini. Mhuri amegonga.

Nimerudi kwa miguu, taratibu. Nimejionea haya, kusema kweli. Mwanangu hajaniomba kitu tangu aolewe. Sasa ameniomba nisimame kwenye mlango, basi, na mimi nazunguka mjini natafuta ugonjwa.

5 Juni, Ijumaa

Nimelipata jibu! Nilikuwa nakunywa chai.

Miaka thelathini na minane natengeneza mizani. Ndege ni nini? Ni mizani. Ina upande huu, ina upande ule, na katikati pana kitu kinachoshikilia. Pande zikilingana, inatulia. Zisipolingana, inalala upande. Watu wote wanaopanda ndege wanakaa tu popote, hakuna anayepima! Hawa ndio wanaojiita wasafiri.

Nikaitazama tiketi. Kiti 14A na kiti 14B. Mimi na mkwe, wote upande wa kushoto.

Ikabidi nipate uzito wake. Nikampigia nikamwambia nina mizani mpya ya magunia, na ningependa ijaribiwe na mtu mwenye uzoefu wa mizigo mizito. Akaja mbio. Akapanda kwa madaha, mikono nyuma, kama anapigwa picha. Kilo mia moja na nne.

Mimi nina hamsini na nane. Jumla mia moja sitini na mbili, zote kushoto. Nimelazimika kunywa maji.

6 Juni, Jumamosi

Nimemwendea dada wa ofisi ya tiketi. Nikamwomba anihamishie upande wa kulia. Akauliza kama tumegombana na mwenzangu. Nikasema hapana, ni mambo ya usalama. Akanitazama sana. Nikasahihisha nikasema tumegombana. Akanipa 14D, ng'ambo ya njia, upande wa kulia. Dada mwelewa.

Lakini bado mkwe ananizidi kilo arobaini na sita. Nimekula mkate mzima mchana na mayai manne. Nikapanda mizani: nimeongezeka kilo moja, na usingizi.

Basi nikayatazama mawe yangu ya mizani pale rafuni. Ya kilo tano mawili, ya kilo mbili matatu, na moja la kilo moja. Kumi na saba. Yote yanaingia kwenye koti langu la mvua na mifuko ya suruali. Nimefanya mazoezi ya kutembea nayo kuzunguka meza. Suruali inataka mkanda wa pili. Vinginevyo natembea kawaida kabisa, ila sipindi magoti.

7 Juni, Jumapili

Naandika nikiwa nyumbani kwa binti. Ndiyo, nimefika.

Uwanjani, kwenye mlango ule wa ukaguzi, mashine ikalia kabla sijaifikia vizuri. Mkaguzi, mama mmoja asiye na utani, akaniambia nitoe vyote mfukoni. Nikatoa kilo tano. Akauliza ni nini. Nikasema ni kilo tano. Akauliza ya nini. Sikuwa na njia: nikamwambia ni ya kumlinganisha mkwe. Akatazama nilikoonyesha. Mkwe akampungia mkono.

Nikaendelea kutoa. Meza ikalia. Watu nyuma yangu wakaacha kunung'unika, wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mawe yamebaki pale kwa maandishi, nitayachukua nikirudi. Mkwe aliuliza yalikuwa ya kazi gani. Nikamwambia nina mteja huku.

Ndani ya ndege mkwe alifunga mkanda, akafumba macho, akalala. Mdomo wazi! Hata injini hazijawashwa. Mimi peke yangu nikabaki kazini. Tulipoanza kukimbia nilijiegemeza kulia kwa nguvu zote. Mhudumu akauliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia asinisemeshe, napoteza kipimo. Nilikuwa naogopa, basi, wacha niandike, hakuna anayesoma humu.

Tukapanda. Ikatulia! Nikaanza kupumua.

Kisha mkwe akaamka, akajinyoosha, akaelekea chooni. Choo kiko mkiani. Kilo mia moja na nne zinatembea kwenda nyuma! Nikafungua mkanda nikaanza kwenda mbele. Yeye hatua, mimi hatua. Nimefika safu ya tatu, mhudumu akanizuia. Nikamweleza. Akasema, kwa upole, kwamba ndege imebeba tani za mafuta, mkwe wangu ni nini? Nikamwambia mafuta hayaendi chooni. Akanishika mkono akanirudisha, akaniketisha, akanifunga mkanda mwenyewe na kuniletea maji ya matunda.

Nikakaa nimeegemea mbele mpaka mkwe aliporudi. Alichukua muda, yule.

Tumetua salama. Abiria wakashuka wanazungumza habari za mabegi yao. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

8 Juni, Jumatatu

Saa mbili na nusu tulikuwa hospitali. Binti amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la kijani, midomo imekauka. Mama yake amemshika mguu. Mkono wa binti ulikuwa wa baridi nilipoushika. Akasema baba, naogopa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumtia moyo, yote yakanipotea.

Akaniuliza safari ilikuwaje. Nikaona nimweleze ukweli: jinsi nilivyoilinganisha ndege. Nikamweleza mawe. Nikamweleza yule mama mkaguzi. Nilipofika pale baba mkwe wake anapoelekea mkiani na mimi naelekea mbele, akaanza kucheka. Sijui kwa nini, sikuwa natania. Akacheka mpaka machozi, mpaka tumbo lile kubwa likatikisika. Nesi akaja mbio kumkanya, akasikia kisa, akacheka naye. Wakamsukuma kuingia ndani bado anacheka. Nilimsikia mpaka mlango ulipofungwa.

Nikasimama pale pale mlangoni. Mkwe akaleta kiti, nikakataa. Akasimama na yeye, hakunichokoza hata kidogo.

Saa nne kasorobo wakamtoa. Mtoto wa kiume. Binti alikuwa na usingizi wa dawa, akafumbua macho akanitafuta, akaniona. Akatabasamu akayafumba tena.

Nimelia. Mkwe pia amelia, tena kwa sauti, kilo zote.

11 Juni, Alhamisi

Binti anaendelea vizuri. Mtoto ana kilo tatu na robo. Nilimpima mwenyewe, kwani mizani ya wodini ilikuwa inadanganya gramu arobaini. Nimeirekebisha kwa kisu cha mezani. Nesi hajaniuliza kitu.

Mkwe anamwambia kila anayekuja kumwona mtoto kwamba nilitembea ndani ya ndege ili kumlinganisha yeye. Acha aseme. Ndege ilitua salama, sihitaji wakili. Hofu ya ndege imeniisha kabisa, ilikuwa ni suala la kujua kupima.

Tunarudi Jumapili. Leo mke wangu ametangaza kwamba atarudi na sisi. Watatu! Hesabu yote imevurugika. Nikamwomba, kwa adabu, apande kidogo mizani ya watu wazima pale wodini, kwa usalama wa abiria wote. Hajanisemesha tangu saa nne asubuhi.

Si neno. Kesho nitamwambia mtoto hupimwa vizuri zaidi akiwa amebebwa na bibi yake. Atapanda naye mwenyewe, tena kwa furaha. Nasoma, natoa kilo tatu na robo, naandika. Hatajua kitu.