Rola Sitini na Gunia la Mchanga

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya mgodi imefika. Wanataka "ushirikiano wa uchumi wa mzunguko". Maana yake: rola tunazowauzia, zile zinazobeba mkanda wa kusafirishia mawe, zikichakaa hazitupwi tena. Muuzaji azichukue, azitengeneze, azirudishe. Za majaribio ni sitini, zimeshushwa pamoja na barua. Ukaguzi Ijumaa hii! Atakayeshindwa, mkataba wake anapewa Miwani, yule mwenye duka la rola ng'ambo ya barabara. Leo nimemwona anaosha gari. Ana hakika!

Bila mkataba, karakana aliyotuachia marehemu baba mkwe inafungwa. Mafundi saba wanarudi nyumbani. Na mimi nitabaki na mke wangu, ananitazama.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, fundi wetu mkuu, amekagua rola chakavu. Kubadili beringi zote, zile gololi za ndani zinazoizungusha rola, kunahitaji wiki tatu. Kufikia Ijumaa atamaliza ishirini. Akashauri tuwaambie mgodi ukweli, tuombe muda. Kuomba! Miwani akisikia je? Nikamwambia aendelee na ishirini zake, nyingine aniachie.

Stoo kuna rola mpya arobaini. Mgodi unataka rola za zamani zinazozunguka kama mpya. Mimi ninazo mpya zinazoweza kuonekana za zamani! Akili ni mali. Zile chakavu arobaini nimezificha nyuma ya choo.

Jumatano, 5 Machi

Nimezivingirisha rola mpya kwenye mchanga, gunia zima. Nimezigonga kwa nyundo. Roho inauma, ni kama kumchapa mtoto asiye na kosa. Kufikia jioni nimechakaza kumi na mbili tu, pamoja na kidole gumba. Mke wangu akapita, akauliza ninafanya nini. Nikasema ninatengeneza. Akauliza mbona ninatengeneza kwa kuharibu. Yeye na kaka yake, maswali yao mamoja.

Ijumaa, 7 Machi

Zilizobaki nimezichakaza jana, usiku kucha. Mama mhandisi wa mgodi kaja saa tatu kamili. Anazungusha rola, anasikiliza, anakwenda nyingine. Shati langu limelowa chapachapa.

Rola ya thelathini: karatasi ya kiwanda bado imebandikwa! Na tarehe ya mwezi uliopita! Nikaifunika kwa kiganja, nikainyanyua rola nzima, nikaikumbatia. Kilo kumi na nane. Mhandisi akauliza mbona naibeba. Nikajibu naipenda kazi yangu. Nimezunguka nayo saa nzima, mgongo umekwisha. Shemeji anaguna tu.

Halafu mhandisi akainyoshea kidole moja ya zangu. "Hebu nifungulieni ile."

Nilijua basi, tumekwisha. Shemeji akafungua. Beringi ndani zinang'aa. Mama wa watu akainama, akatazama. Nikaanza kuomba dua zote ninazozijua. Akainuka.

"Kazi safi. Hata mpya haziko hivi."

Tumeshinda! Na Miwani? Kumbe naye alitakiwa kuonyesha zake leo, akaomba muda. Kapewa wiki tatu, bila hata kubembeleza. Hana aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Barua nyingine. Mgodi umefurahi mno. Kwa kuwa tunatengeneza vizuri hivyo, hawatanunua tena rola mpya kwetu. Tutawatengenezea za zamani tu. Mia nne, mwisho wa mwezi! Malori matatu yameshusha rola chakavu getini asubuhi. Geti halifunguki. Tunaingia kwa kuruka ukuta.

Shemeji amesema bado hatujachelewa. Jumatatu twende kwa mhandisi, tuseme ukweli, tuombe muda kama Miwani. Mke wangu akasema hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Mafundi saba wamesimama, wananisubiri.

Nimewasikiliza wote kwa heshima. Kisha nimeruka ukuta, nikavuka barabara. Miwani ana rola mpya mia nne dukani. Amekubali kuniuzia zote, akicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Sijui kinachomchekesha.

Mchanga nimeagiza lori zima.